Mahame ya Waislamu: Sarafu Iliyookotwa, Msikiti Uliobomoka na Kaburi Lililofunuka

 

Ijumaa moja, baada ya swala hapa Ikwiriri, alitusubiri barazani mvuvi mmoja wa huko delta. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na vipande 11 vya shaba, vyembamba, kila kimoja kadiri ya ukucha wa kidole gumba, vimeota ukijani. Alisema amevitoa Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia inayotazamana na midomo ya mto wetu Rufiji, mahali ambapo yeye na wenziwe hupiga dago msimu wa uvuvi. Maji yakipwa, alisema, vitu kama vile huonekana mchangani pamoja na vigae vya sahani.

"Sheikh, hivi ni halali yangu au si halali yangu?" alituuliza. Mtu mmoja wa mjini alikwisha kumwahidi fedha. Na kabla hatujamjibu akaongeza jambo la pili, kwa sauti ya chini kidogo: palepale bahari imefunua mifupa ya watu.

Tulichukua kipande kimoja tukakisugua kwa ndimu, jambo ambalo tulikuja kujua baadaye kuwa halifai, kwani ukali wa ndimu hula maandishi. Herufi zilitokea. Upande mmoja tulisoma jina, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili palikuwa na maneno ya kumtegemea Mola, yakifuatana kwa vina na lile jina. Sarafu hizi hazina mwaka wala jina la mji, lakini wajuzi wanazifahamu: ni sarafu za masultani wa Kilwa.

Hapo suala la mvuvi likabadilika. Alikuja akidhani ameokota mali ya "watu wa kale", na kwa ulimi wa wengi wetu watu wa kale ni watu wasio na jina, pengine makafiri, pengine majini. Kumbe ameokota mali ya Waislamu, katika mji wa Waislamu, karibu na makaburi ya Waislamu. Na katika fiqhi hukumu ya kitu kilichookotwa huanzia hapo, kwenye kumjua mwenyewe, kabla ya kutazama thamani yake. Kwa hiyo tumeona tueleze kwanza watu hao walikuwa nani, kisha turudi kwenye sarafu, msikiti na mfupa.

Neno letu la Kiswahili kwa mahali palipokaliwa kisha pakaachwa ni mahame. Pwani yetu imejaa mahame. Kisimani ni mojawapo, na ndiyo iliyo karibu mno na sisi watu wa Rufiji; anayepanda chombo Nyamisati kwenda Kilindoni haiachi mbali. Bwana Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale aliyefanya kazi Tanganyika wakati huo, aliichimba na kuandika habari zake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji ule imekwisha kuliwa na bahari, na kilichobaki kinaendelea kuliwa. Upande wa pili wa Mafia, katika kisiwa cha Juani, kuna Kua, magofu ya misikiti na majumba ya mawe ambayo watu wake waliangamizwa na kutawanywa na Wasakalava kutoka Madagaska katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Wazee wa Mafia husimulia uadui mkali baina ya watu wa Kua na watu wa Kisimani, na karamu ya harusi iliyogeuka mauaji. Masimulizi ya namna hii tunayapokea kama masimulizi. Hatujengi juu yake hukumu, wala hatuwakebehi wanaoyasimulia.

Kusini yetu, ukivuka daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 na kushika njia ya Kilwa, ndiko iliko asili ya sarafu zile. Kilwa Kisiwani ilikuwa makao ya masultani, na jirani yake Songo Mnara ni mahame halisi: mji wa mawe uliostawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 kisha ukahamwa katika karne ya 16. Ndani ya ukuta wake kuna mabaki ya misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba takriban 33 za mawe ya matumbawe. Vyumba vya nyumba za namna hiyo ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake mtu wa Rufiji ataijua bila kuambiwa: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuuzidi urefu wa boriti. Miji hii miwili iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mawimbi na kuta zinazoanguka.

Habari za masultani hao tunazo kwa Kiarabu, katika kitabu kifupi kiitwacho Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Nakala yake Sultani Barghash wa Unguja alimpa Balozi John Kirk wa Uingereza mwaka 1877, nayo ikachapishwa huko Uingereza mwaka 1895. Mreno João de Barros naye alikuwa amekwisha kuandika habari zinazofanana nazo mwaka 1552. Humo mna kisa mashuhuri cha watu wa Shirazi waliokuja kwa majahazi saba, na cha kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizunguka. Muda mrefu kisa hicho kiliaminiwa chote na baadhi ya watu na kukanushwa chote na wengine.

Lakini shahidi aliye bora zaidi ni Ibn Battuta, Mungu amrehemu, kwa sababu yeye aliona kwa macho. Alifika Kilwa mwaka 1331, akawakuta watu wa madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), watu wa dini na wema. Sultani wao alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Na katika aliyoyaandika kumhusu kuna jambo moja la fiqhi linalotugusa hapa. Anasema sultani yule alikuwa akitoa khumsi ya ngawira na kuitumia katika njia zilizotajwa na Qur'ani, na fungu la jamaa wa Mtume (s.a.w.) akiliweka katika hazina ya peke yake, hata masharifu wakija kutoka Iraki na Hijazi huwapa. Yaani mtawala wa pwani yetu, karibu miaka 700 iliyopita, alikuwa na daftari la hazina lililogawanywa kwa mujibu wa Sheria. Watu kama hao ndio ambao leo tunachukua mawe ya misikiti yao kuchomea chokaa.

Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika shaba ya mvuvi wetu, ni wa zamani kuliko huyo. Bwana Chittick alimweka karibu na mwisho wa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani likiwemo jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Mafatimi wa Misri za karne ya 11. Baada ya hapo wengi wakamrudisha nyuma hadi karne hiyo ya 11. Sarafu za Kilwa zilitembea: moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, na tano za masultani wa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia, jambo ambalo mpaka leo watu wanabishana limetokeaje. Kule Songo Mnara, ambako uchimbaji mpya ulianza mwaka 2009, ilipatikana akiba moja ya sarafu za shaba zaidi ya 300 ikiwa mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye fundo la kitambaa.

Watu wengi, na hata baadhi ya wanafunzi wetu, wakisikia mali ya kale imetoka ardhini husema haraka: hiyo ni rikaz, toa khumsi, nne kwa tano zilizobaki ni zako. Hadithi ya khumsi katika rikaz ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), wala hapana ubishi juu yake. Ubishi ni juu ya nini kinaitwa rikaz. Katika madhehebu yetu rikaz ni kilichozikwa na watu wa Jahiliya, yaani watu wa kabla ya Uislamu. Na khumsi yake, kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu, ni katika dhahabu na fedha tu zilizofikia nisabu, ingawa maulamaa wengi wa madhehebu mengine wameiingiza kila mali. Kitu kikiwa na alama ya Uislamu, kama aya ya Qur'ani au jina la mfalme Mwislamu, hakiwi rikaz hata kama kimekaa ardhini miaka 1,000. Mwenyewe akijulikana ni chake. Asipojulikana kinakuwa luqata, kitu kilichopotea. Na ikishindikana kujua ni cha Jahiliya au cha Waislamu, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa nacho pia ni luqata.

Mfano mzuri wa tofauti hii uko hapahapa kwetu. Huko Mkukutu, upande wa Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo alizozitaja kuwa za zama za Warumi, na akaandika habari zake mwaka 1999. Kwa yeye na wanaomuunga mkono, ni dalili kwamba bandari ya kale ya Rhapta iliyotajwa na Wayunani ilikuwa katika eneo la delta ya Rufiji. Zile ni mali za Jahiliya bila shaka, kwa maana ya kifiqhi ya neno hilo; lau kama zingekuwa dhahabu, mazungumzo ya khumsi yangekuwa na mahali pake. Lakini shaba yenye jina la Ali bin al-Hasan ina tabia mbili zinazoitoa katika rikaz kwa madhehebu yetu: si dhahabu wala fedha, na ni ya Mwislamu.

Basi ni luqata. Na luqata hutangazwa mwaka mzima. Mvuvi alicheka tulipofika hapo, na hatukumlaumu. Kumtangazia mwaka mmoja mtu aliyekufa miaka mia tisa iliyopita kunafanana na mzaha. Maulamaa hawakuliacha hilo bila jibu: mali ambayo imekatiwa tamaa ya kumjua mwenyewe inaitwa mali iliyopotea, na jambo lake hurejea kwa kiongozi wa Waislamu na Baitul-mal, aihifadhi au aitumie katika maslahi ya wote. Wapo waliosema hukumu hiyo ndiyo inayofaa tangu mwanzo kwa mali ya Kiislamu iliyozikwa, kwa kuwa luqata ya kawaida ni ile iliyoanguka kwa mwenyewe njiani, na hii mwenyewe aliiweka au ilifukiwa pamoja na nyumba yake. Sisi tunaiona kauli hiyo kuwa karibu zaidi na akili katika masuala ya mahame.

Mtu atasema: Tanzania hakuna Baitul-mal. Ni kweli. Lakini ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ambayo inavihifadhi vitu vyote vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Anayevumbua kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa wenye mamlaka, na haruhusiwi kukiuza bila kibali. Sheria hii kwa hapa haikinzani na fiqhi. Inalingana na yale waliyosema mafuqaha kuhusu mali iliyopotea, kwamba isimilikiwe na mtu mmoja bali ihifadhiwe kwa ajili ya wote. Kuitii katika hili ni kutii katika wema. Tulimwambia mvuvi wazi: fedha za yule mtu wa mjini si halali yako, na si halali yake kukununulia.

Suala la msikiti hakutuuliza yeye, lakini tumekwisha kuulizwa na wengine, na ndilo lenye mifano mingi zaidi katika pwani yetu.

Msikiti ukibomoka na watu wakauhama, je, unabaki kuwa msikiti? Hapa maimamu wametofautiana. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa, mwanafunzi wake Abu Yusuf alisema unabaki msikiti milele, na Muhammad bin al-Hasan akasema unarudi katika miliki ya aliyeuweka wakfu au warithi wake. Mahambali wameruhusu kuuzwa ukikosa manufaa yake na thamani yake kuhamishiwa msikiti mwingine, na katika dalili zao ni ile habari ya Sayyidna Umar (r.a.) kumwandikia Saad bin Abi Waqqas auhamishe msikiti wa Kufa baada ya hazina kuvunjwa. Ama Imam Shafi na wafuasi wake, kama alivyoandika Imam Nawawi katika Minhaj, msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga tena hauuzwi kwa hali yoyote. Sababu yake ni nyepesi na nzito kwa wakati mmoja: ardhi yake bado inaweza kuswaliwa. Haukukosa manufaa.

Tazama sasa matokeo yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa kwa makuba karne mbili au tatu baadaye, ni msikiti leo. Misikiti mitano ya Songo Mnara ni misikiti leo. Msikiti wa Kua ambao paa lake ni majani ya miti ni msikiti leo. Anayeingia humo inampasa aingie na adabu za msikiti; mwenye janaba haruhusiwi kukaa humo; anayekaa kwa nia ya itikafu itikafu yake inasihi; na rakaa mbili za kuuamkia zimesuniwa kama zilivyosuniwa katika msikiti wa Ijumaa wa Ikwiriri. Vijana wanaofanya kazi ya kuwaongoza watalii wametuuliza mara nyingi kuhusu wageni wasiokuwa Waislamu. Katika madhehebu yetu asiyekuwa Mwislamu anaweza kuingia msikiti usiokuwa wa Haramu ya Makka kwa idhini ya Mwislamu. Kwa hiyo kuingia kwao si kosa. Kosa ni kupanda juu ya mihrabu ili kupigwa picha, na aliyewaruhusu kufanya hivyo, akiwa Mwislamu, kosa hilo lina fungu lake.

Kuhusu mawe yaliyoanguka, madhehebu yetu yamempa kadhi nafasi: akihofia mawe yatapotea anaweza kuyatumia kujenga msikiti mwingine, na ulio karibu zaidi ndio bora. Hakuruhusiwa hata kadhi kujengea kisima, sembuse mtu binafsi kujengea choo au kuchomea chokaa. Tunafahamu kwamba katika visiwa vyetu jiwe ni ghali na tumbawe lililokwisha kuchongwa linavutia. Tumeona kwa macho yetu ngazi ya nyumba iliyojengwa kwa jiwe lililochongwa kwa mkono wa fundi wa mihrabu. Hatutasema wapi, kwa kuwa mwenye nyumba hakujua, na alipojua alisikitika. Mawe ya wakfu hayana mwenyewe wa kuyatoa. Na kwa kuwa sasa majengo hayo yako chini ya mamlaka ya mambo ya kale, hata kamati ya msikiti yenye nia njema haina ruhusa ya kuyachukua kwa uamuzi wake yenyewe.

Liko pia jambo la kibla, ambalo wanafunzi watalifurahia. Mafuqaha wamelizungumza gofu moja kwa moja. Wamesema mihrabu ya mji mkubwa wa Waislamu, au ya njia inayopitwa na Waislamu wengi, hutegemewa bila kufanya ijtihadi katika upande wake. Lakini mtu akikuta mihrabu katika kijiji kilichohamwa, asijue kama ilijengwa na Waislamu au wengine, haitegemei, bali hujitahidi mwenyewe. Kwa hiyo hata katika kibla hukumu inarudi palepale: kuwajua waliojenga. Anayeswali Kilwa hana shaka. Anayepiga dago katika kisiwa kidogo akakuta ukuta wenye kitundu kama mihrabu, asikimbilie kukielekea.

Jambo lililobaki ni la makaburi, na hapo tulikaa na mvuvi mpaka alasiri.

Mwislamu aliyezikwa ana heshima ileile aliyokuwa nayo hai. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Abu Daud na Ibn Majah, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kufukua kaburi ni haramu ila kwa dharura, na Imam Nawawi ametaja mifano ya dharura hiyo: aliyezikwa bila kuoshwa, aliyezikwa katika ardhi au nguo ya kunyang'anya, aliyezikwa bila kuelekezwa kibla, au mali iliyoangukia kaburini. Maiti akishakuwa udongo kabisa, kwa kauli ya watu wenye ujuzi wa ardhi ile, mahali pake panaweza kuzikwa mwingine. Lakini madhali mfupa upo, heshima ipo, hata ukiwa na miaka 600. Na kaburi likifikiwa na maji, kumhamisha maiti kunaruhusiwa kwa ajili ya kumhifadhi.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu wachimbaji wa elimu. Mwezi Machi 2023 ilitangazwa katika jarida la Nature tafiti ya asili za watu 80 wa zama za kati na baadaye, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, wakiwemo wa Kilwa na Songo Mnara. Mifupa yao ilipimwa, ikaonekana kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 walichanganyika watu wa Afrika na watu wa Asia, wengi wa Waasia hao wakiwa na asili ya Uajemi. Upande wa akina baba ulielekea zaidi Uajemi, na upande wa akina mama ulielekea zaidi Afrika. Yaani kile kisa cha watu wa Shirazi, kilichochekwa na wengi, kina mzizi. Na wale waliodai kuwa mababu zao ni Waajemi watupu, mama zao wamewakadhibisha.

Sisi tumeyasoma matokeo hayo kwa hamu, hatufichi. Na papo hapo hatuna raha na njia yake. Wako maulamaa wa zama hizi walioruhusu kufukua kwa haja ya mahakama, mtu akidaiwa kuuawa, na huko kuna haki ya mtu inayotafutwa. Kutaka kujua historia ni jambo jema, lakini hatuoni kuwa linafikia daraja ya dharura ambayo mafuqaha waliitaja. Anayeona vinginevyo katika wanazuoni tutamsikiliza. Ila katika jambo moja hatudhani kuna ikhtilafu: mifupa ikishapimwa ni wajibu irudishwe ardhini, izikwe ikielekezwa kibla, wala isikae katika masanduku. Waislamu wa vijiji vya jirani, ambao mara nyingi ndio vibarua wa uchimbaji, wana haki ya kuulizwa kabla na kualikwa baada.

Kuna upande mwingine wa heshima ya makaburi unaopotoshwa kwa kuzidishwa. Katika mahame mengi ya pwani utakuta chupa za marashi, vitambaa na vibakuli vya sadaka vilivyowekwa kwa ajili ya mizimu. Wenye kufanya hivyo wengine ni watu wa swala. Marehemu wale wanahitaji dua zetu. Hawakuacha mahali popote agizo la kuombwa. Kumheshimu maiti ni kumfunika na kumwombea, na hapo ndipo mpaka ulipo.

Turudi kwa mvuvi. Tulimweleza kuwa mifupa iliyofunuliwa na bahari ni faradhi ya kutosheleza kwa waliopo: wasipoisitiri wote wanapata dhambi, na akiisitiri mmoja inatosha. Ihamishwe juu, pasipofikiwa na maji ya bamvua, kwa kitambaa safi, bila kuvunja, na wenye mamlaka waarifiwe. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba wao walikuwa wamekwisha kufanya, usiku uleule walioiona, watu wanne na koleo la kuchimbia chambo, na kitambaa kilikuwa shuka ya nahodha. Hawakumwambia mtu kwa kuogopa kuulizwa maswali. Alichokuwa akikitaka kwetu tangu asubuhi, kumbe zaidi ya zile sarafu, ni kujua kama ilibidi wawaswalie.

Tulimjibu kwamba haikubidi. Katika madhehebu yetu swala ya kaburini inasihi kwa yule aliyekuwa katika watu wa faradhi siku maiti alipokufa, na sisi siku hiyo tulikuwa hatujazaliwa. Tena watu wale walizikwa katika mji wenye misikiti, na Mwislamu tunamdhania wema. Waliswaliwa na watu wao.

Sarafu alituachia, zote 11 pamoja na ile tuliyoiharibu kwa ndimu. Jumatatu yake tulikwenda naye kuzikabidhi, akapewa karatasi yenye muhuri, akaikunja akaitia katika fundo la kile kitambaa.

Wallahu aalam.